Kamera Zako Hazisikilizani, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza na wewe bila shikamoo sijawahi, na leo sitaki kuanza ukaidi. Nimekuja kukulalamikia. Wenzangu huwaandikia marehemu wao maneno matamu. Mimi nina hasira na kamera zako, na aliyezinunua ni wewe, sasa nikamlalamikie nani?

Kwanza ya nyumbani. Mama alimaliza eda salama. Kiti chako cha kibarazani hakuna anayekikalia, hata wageni wanakiruka wenyewe bila kuambiwa. Mimi bado niko bandarini, kwenye ofisi ileile ya kutoa mizigo ya watu, na bado narudi jioni miguu inawaka moto.

Balaa lilianza Mama alipoanguka jikoni. Usishtuke, alipona. Presha ilimpanda, miguu ikaisha nguvu, akakaa chini mpaka niliporudi kazini. Nilimkuta ameegemea mtungi wa gesi, na neno lake la kwanza lilikuwa nisimwambie Jabiri. Nikamwambia Jabiri. Ni kaka yangu na ni mama yake, ningeficha vipi?

Unamjua mwanao wa kwanza. Tangu ahamie Dodoma na kujenga ile nyumba yenye taa zinazowaka kwa kuamrishwa, hakuna tatizo la binadamu asilolitafutia kifaa. Sikukuu ya Idd alikuja na kidude cha duara, ungedhani kopo la mafuta ya kujipaka, akakiweka juu ya kabati la vyombo. Kazi yake ni kuunganisha vitu vyote vya nyumbani, taa, runinga, kamera, vionekane kwenye simu kwa pamoja. "Nyumba moja, programu moja," akatutangazia, utafikiri anagombea ubunge. Kisha akatoa sharti lake. Kamera za Baba zikiungana na kidude hicho, na yeye akaweza kumwona Mama kutoka Dodoma, Mama atabaki hapa kwetu Mchafukoge. Mwezi ukiisha hajamwona, anakuja kumchukua.

 Mama alisubiri mpaka ameondoka, ndipo akasema, "Dodoma nina nani mimi? Nitakuwa naongea na geti?"

Basi kazi ikawa yangu. Na hapo ndipo nilipoyaona uliyoyafanya.

Kamera tatu, maduka matatu, kampuni tatu ambazo hata kwa bahati mbaya hazijawahi kukutana! Nakumbuka vizuri. Walikuwa wameiba mtungi wa gesi kupitia dirisha la jikoni, ukasema sasa basi, ukaenda zako Kariakoo hapo jirani na kushinda huko. Ya sebuleni ukachukua kwa Mangi, ile ya waya mnene na kisanduku chake cha kurekodia. Ya jikoni ukachukua kwa Sanga, isiyo na waya, ya kutumia waifai. Ya ngazini, nje ya mlango wetu, ukachukua kwa Mama Kelvin, ambaye maisha yangu yote namjua kwa mabeseni na ndoo. Nilikuuliza kwa nini usingechukua zote sehemu moja. Ukanitazama kama nimetukana. "Nikimuungisha Mangi peke yake, kesho nitapitaje mbele ya Sanga?"

Ndivyo ulivyonunua kila kitu, Baba. Mchele huku, sukari kule, sabuni kwa mwingine, ili kila jirani wa biashara aonje mkono wako na asiwepo wa kununa. Kwa sukari, sawa. Sukari ya duka hili na ya duka lile zinayeyuka kwenye kikombe kimoja. Kamera haziyeyuki.

Nikaanza na ya sebuleni. Programu ikatafuta, ikatafuta, ikasema hakuna kifaa chochote humu. Hakuna? Nakitazama kwa macho yangu, kinanitazama! Nikampigia Jabiri, akaniambia nisome maelekezo. Nikayasoma mpaka macho yakauma. Kumbe kamera za zamani kama ile haziongei na yeyote ila kisanduku chao, na kisanduku chenyewe hakimo kwenye orodha ya vinavyokubalika. Nikahamia jikoni. Hiyo ikaonekana, nikashangilia, ikapotea. Ikarudi kwa jina la herufi ambazo hakuna mdomo unaoweza kuzitamka, ikaomba pasiwedi. Pasiwedi ya nani? Yako. Nikajaribu jina la Mama, langu, la Jabiri, la timu yako ya mpira. Mwisho nikajaribu hata la watani wa jadi, unisamehe. Zote ikazikataa.

Kidude nacho kinaongea. Mna sauti ya mwanamke humo, Kiingereza kitupu. Mama anamsalimia kila asubuhi, na kila asubuhi anajibiwa kwamba hajaeleweka. "Ana adabu huyu binti," Mama akaniambia, "ila hasikii." Nimewahi kutoa kontena zima la vipuri huku mtandao wa bandari umelala na mwenye mzigo ananipigia kelele, lakini vitu hivi viwili juu ya kabati na juu ya jiko vilinitoa jasho.

Iliyonimaliza kabisa ni ya ngazini. Maelekezo yanasema bonyeza, subiri taa nyekundu ianze kuwaka na kuzima, hapo kamera iko tayari kuunganishwa. Jumamosi nikapanda stuli. Natazama, taa nyekundu inawaka na kuzima, na hata sijaigusa! Nikasema Alhamdulillahi, hii ndiyo peke yake yenye akili. Nikashinda juu ya ile stuli, simu mkono mmoja, mkono wa pili pini ya mtandio, natafuta kitundu cha kuianzisha upya. Majirani wa ghorofa ya juu wanapita wananipa pole. Nikahamisha ruta ya waifai mpaka mlangoni. Nikazima umeme wa nyumba nzima, nikawasha. Taa inanikonyeza tu. Mwishowe nikaing'oa ukutani nikaifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na betri mbili za redio na hewa.

Hewa, Baba! Ganda la plastiki na kitaa!

Mama akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Hiyo si ya kumtishia mwizi hiyo? Baba yako aliniambia tangu ameileta." Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi. "Hukuniuliza. Nilidhani unaipangusa."

Nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Nikakaa kwenye ngazi na lile ganda mapajani. Nilikuwa nimeshatoa simu nikupigie nikugombeze, namba yako bado ninayo. Sijui kama unaelewa inavyoudhi, kumkasirikia mtu kiasi hicho na huna pa kumpata. Nimekukumbuka, Baba. Nilikukumbuka siku ile kuliko siku ya mazishi. Kisha nikajifuta uso, nikavaa viatu.

Nikaenda Kariakoo na hasira zangu zote. Mama Kelvin alikuwa anapanga mabeseni, nikamwekea ganda lake juu ya beseni la juu kabisa. Wala hakutikisika. "Mwanangu, baba yako alijua. Mimi nilimwambia, baba Jabiri, hii ni ya kudanganyia mwizi, haina kitu. Akasema nipe hiyohiyo, ngazi zangu hazihitaji kuona, zinahitaji kuogopwa." Halafu akashusha sauti, akaniambia siku ile jua lilikuwa linataka kuzama na yeye hajauza hata kijiko. Umetoka kwa Mangi na mfuko, umetoka kwa Sanga na mfuko, ukamkuta yeye amejikunyata. Nilikuwa nimekuja na maneno makali nimeyapanga njia nzima. Sikuyasema. Badala yake nikamweleza habari ya Mama na Dodoma.

Nilifanya hilo tu. Kesho yake, Jumapili, Mangi na Sanga walitoka kanisani kila mmoja na kwake, wakakutana kwenye ngazi zetu na suti zao, bisibisi mfukoni. Mama Kelvin alikuwa ameshawaeleza. Baba, kelele zao ungezipenda! Mangi anasema kamera yake haijawahi kuumwa, ubovu uko kwenye hivi vitu vya siku hizi. Sanga anamjibu, "Kaka, hiyo yako ipeleke makumbusho." Wakabishana kuhusu waya, wakabishana kuhusu ruta, wakabishana nani wewe ulimpenda zaidi. Mama hajawahi kukaanga vitumbua kwa furaha kama siku ile.

Mwisho wa ubishi Sanga akaitenganisha waifai yetu, kwani kamera yake inasikia masafa ya chini tu na ruta ilikuwa imeyachanganya na ya juu. Akaazima pini yangu ya mtandio, akabonyeza kitundu cha nyuma, pasiwedi yako ikafutika. Niliumia kidogo hapo, nikajificha chooni kama mjinga, kwa ajili ya pasiwedi tu. Niliporudi jiko letu lilikuwa limetokea kwenye simu. Jabiri akapiga mara moja. "Namwona Mama! Anakaanga!" Ya Mangi ilikataa katakata. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa, akaondoka amenuna, na ganda la Mama Kelvin nikalirudisha ukutani, maana hata mimi sikuona sababu ya kulitupa.

Laiti barua ingeishia hapo. Asubuhi moja nikiwa kazini, Mama alisikia kizunguzungu jikoni. Akatoka kutafuta hewa, nguvu zikamwishia kwenye ngazi, akakaa palepale chini ya kamera yako ya hewa. Dodoma, Jabiri akafungua simu kabla ya kuingia kikaoni. Akamwona Mama amesimama kwenye jiko na mwiko wake. Akafungua tena kikao kikiendelea, Mama yuko palepale. Akatulia. Kumbe waifai ilikuwa imekatika na picha imeganda.

Mama Kelvin ndiye aliyemfuata. Tangu nilipomweleza, alikuwa na mazoea ya kumngoja Mama ashuke kununua maziwa na kupita mbele ya mabeseni yake, wasalimiane. Siku hiyo Mama hakupita. Akamwachia Mangi mabeseni, akapanda ngazi, akamkuta. Sanga akaja na Bajaji mpaka mlango wa chini. Nilipofika hospitali kutoka bandarini Mama alikuwa na dripu mkononi, anamgombeza Mama Kelvin kwa kuacha biashara, na Mangi amesimama koridoni ameshika kandambili za Mama kwa mikono miwili. Nikampigia Jabiri, nikamwambia tuko hospitali.  Akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tangu tukiwa watoto, "Mbona mimi namwona hapa, anapika?"

Alikuja na treni ya jioni hiyohiyo, na begi kubwa tupu la kubebea vitu vya Mama. Sikuwa na la kumpinga. Sharti lilikuwa kumwona, na alikuwa amemwona, na alichokiona kilikuwa uongo. Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani akaanza kukunja kanga zake mwenyewe, na mimi nikawa nakwepa chumba chake.

Asubuhi mlango ukagongwa, Jabiri akafungua. Mama Kelvin na uji wa ulezi. Kabla kikombe hakijaisha ukagongwa tena, Mangi amekuja kuangalia kisanduku chake, kisanduku ambacho hata kwenye umeme hakipo. Mchana Sanga. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Jabiri akaanza kuudhika, unamjua, akamuuliza Mangi waziwazi ni nani amewatuma. Mangi akashangaa. "Atutume nani? Mzee hakuwahi kuturuka hata mara moja, sisi tumruke mkewe?" Jabiri akaenda kukaa kibarazani. Alikaa kwenye kiti chako, Baba, na sikumkataza.

Siku ya safari yake akasema anatoka kununua maji ya njiani. Alikawia. Aliporudi alikuwa na soketi ya ukutani kutoka kwa Mangi, waya wa chaja kutoka kwa Sanga, na beseni kubwa la bluu la Mama Kelvin. Nikamuuliza beseni la nini, Dodoma hakuna mabeseni?  Akambusu Mama mkono, akalichukua begi lake likiwa tupu vilevile, beseni akalipachika kwapani, akashuka. Nilimtazama kutoka kibarazani akienda stesheni, bega moja limeinama kama mtu aliyebeba mifuko ya maduka matatu. Kwa nyuma nilidhani ni wewe. Nilikuita kabisa.

Basi Mama yupo. Kanga zimerudi kabatini. Yule binti wa Kiingereza bado anasalimiwa na bado haelewi. Na bado nasema ungenunua zote sehemu moja ungenipunguzia dhiki, hilo usitarajie nilifute.

Taa ya ngazini imeanza kufifia, betri zimechoka. Nakuahidi nitaweka mpya, moja nitanunua kwa Mangi, moja kwa Sanga, na kwa Mama Kelvin nitachukua ndoo. Pumzika, Baba. Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe majirani wema kama uliotuachia sisi. Mlango wetu tunauangalia.

Mwanao,
Mwanaidi