Sura ya Nne Haitoki

10 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hajalalamika kwamba namsahau. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka kwa furaha.

Kitivo chetu cha uchumi na biashara kimetangaza mwaka wa utafiti. Kila idara imeingia kazini, na Novemba tutakutana kwenye kongamano kueleza tulichopata. Wengine wanafuatilia bei za nafaka, wengine kodi za maduka madogo. Sisi tumepewa kiwanda cha nguo, kilekile kilichotujengea maabara ya kompyuta. Mwaka jana waliondoa viti kwenye mstari wa kushona, mafundi wakawa wanashona wamesimama, na wakubwa wa kiwanda wanasema uzalishaji umepanda. Tumeombwa tupime umepanda kiasi gani.

Kiongozi wetu ni profesa ambaye wanafunzi wanamwita Mzee Nukta, maana anaweza kukurudishia kazi nzima kwa sababu ya nukta moja. Si mtu wa maneno mengi. Atakayeshinda kiwandani ni mimi. Mkataba wangu wa uhadhiri msaidizi unaisha Desemba, na kazi hii ikienda vizuri wataniajiri moja kwa moja. Niombeeni.

Binti yako


24 Februari

Daktari wangu mtarajiwa,

Marahaba. Mama yako ameipokea shikamoo yake, na kulalamika amelalamika vilevile. Goti linanikumbusha kila asubuhi kwamba nimestaafu. Tuko salama.

Barua yako nimeisoma kwa kinyozi, kwa sauti ileile niliyokuwa nikitafsiria mahakamani. Kinyozi akasimamisha mkasi, akauliza kama uchumi wako unaweza kumweleza kwa nini wateja wake wanaota upara wote kwa pamoja. Nimemwambia asubiri Novemba.

Ukifika kiwandani, wasalimie watu kabla hujawauliza. Katika miaka yangu yote ya ukalimani, shahidi aliyesalimiwa alisema zaidi.

Baba yako


18 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo inachemka.

Miezi hii nimeshinda na mafundi. Karibu wote ni wanawake. Wanakunja maboksi na kuyatandika sakafuni wapate kitu laini cha kukanyaga. Mchana wanavua viatu, na kuvivaa tena ni vita, miguu imevimba. Mmoja ni mjamzito. Alikuwa ameegemea cherehani akijibu maswali yangu, msimamizi alipopita, yeye akajinyoosha kama askari.

Nimelinganisha mashati ya kabla na ya baada. Hayajaongezeka. Asubuhi yanapanda kidogo, alasiri yanaporomoka, na yenye kasoro ni mengi kuliko zamani. Yote hayo yako kwenye sura ya nne. Nakutumia rasimu.

Wiki iliyopita tuliiwasilisha kwenye semina yetu ya ndani. Baadaye mkuu wa kitivo akatuita ofisini mimi na Mzee Nukta, akanipa kiti, akanisifu sana.

“Ila sura ya nne itoke,” akasema.

Nikamuuliza ina kosa gani.

“Haina kosa. Imekuja wakati mbaya.”

Kumbe kiwanda kimeahidi kujenga maabara ya pili. Nikamwambia sitaitoa. Mzee Nukta alikuwa anatazama dirishani.

Binti yako


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila tangu barua yako ifike chakula hakipiti. Mama yako hanisemeshi, kwa sababu nimemwambia ninachotaka kukuambia.

Itoe hiyo sura. Usiichane, iweke kabatini. Ukishaajiriwa utaitoa, na hakuna atakayekugusa. Tumekusomesha kwa jasho, sitaki nikuone unazunguka na bahasha ya vyeti mlango kwa mlango. Mkuu wako ni mtu mzima na amezungumza nawe kwa adabu. Kubali yaishe.

Baba yako anayekupenda


2 Julai

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Siitoi. Wewe mwenyewe, hakimu angekuambia uruke maneno ya shahidi kwa kuwa yamekuja wakati mbaya, ungeyaruka? Wale wanawake walinipa mapumziko yao, wakaniambia mambo yao wakiwa wamesimama. Nikiyafungia kabatini nimewadanganya. Kama ajira inataka nianze na uongo, wampe mwingine.

Nisalimie mama.

Binti yako


30 Septemba

Mwanangu,

Hujambo huko? Nimeandika mara mbili, hujajibu. Nakuelewa. Sisi wazima, isipokuwa mimi miguu inauma, na sababu nakueleza.

Ile rasimu sikuwa nimeisoma. Niliiogopa. Jumapili mama yako akaitoa kwenye droo, akataka nimsomee. Nikavuta kiti. Akakiondoa.

“Isome umesimama,” akasema.

Nikadhani mzaha. Yeye akaketi zake, akachukua fulana anayoifuma, akanisubiri. Nikaanza. Haukupita muda nikawa nahamia mguu huu, mara ule. Nilipofika kwa fundi mjamzito nilikuwa nimeshika ukuta. Nikaomba kiti, akaniuliza kama mafundi wale wanapewa. Basi nikaimaliza sura nzima nimesimama, goti linawaka moto, na aibu imezidi maumivu.

Umeniuliza kuhusu hakimu. Nisingeruka hata neno. Barua yangu ya Juni ichane. Wakikufukuza, wawe wamemfukuza mtu anayejua alichosema.

Baba yako


27 Novemba

Wazazi wangu,

Shikamooni. Goti limepoa? Barua yako, Baba, niliicheka mpaka machozi, kisha yakaja machozi mengine. Nisamehe ukimya wangu.

Kongamano limepita. Jina langu walikuwa wamelitoa kwenye ratiba, lakini nilikwenda. Ukumbi ulijaa, wakubwa wa kiwanda wamekaa safu ya mbele. Mzee Nukta aliachiwa awasilishe peke yake. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu akatangaza sura ya tano. Nikasimama. Mwenyekiti wa kikao akaniambia nikae, maswali ni baadaye. Nikamjibu kwamba sina swali, nina sura.

Mlinzi akamtazama mkuu wa kitivo. Mzee Nukta akavua miwani, akaifuta polepole, akasogea kando akiacha kipaza sauti.

“Mwenye kazi yupo,” akasema. “Aje aisome.”

Niliisoma yote, Baba. Wakubwa wa kiwanda walitoka mapema. Mkuu wa kitivo akatangaza chai nikiwa katikati. Waliokwenda walikwenda, waliobaki walibaki, nami sikuharakisha.

Ripoti imechapishwa bila sura yangu. Ila Mzee Nukta amekataa katakata kubadilisha namba, kwa hiyo baada ya tatu inakuja tano. Kila anayeisoma anauliza ya nne iko wapi, nami namtumia.

Viti havijarudi. Mkataba hawakuuongeza. Wameniandikia kwa upole kwamba nikachukue vitu vyangu Jumamosi ya tarehe 19 Desemba, kwa mlango wa nyuma, watu wakiwa hawapo, ili kusiwe na maneno. Nimechoka kidogo. Nimefikiria nikubali tu.

Binti yenu


4 Desemba

Daktari,

Marahaba. Mama yako anaitikia yake kwa sauti kutoka chumba cha pili. Wazima sote, na goti limepoa.

Usiende Jumamosi. Hukuiba kitu. Nenda Ijumaa asubuhi, wanafunzi wakiwa wamejaa kwenye ngazi na mkuu wako akiwa ofisini kwake. Sisi tunafika Alhamisi. Suti yangu ya mahakamani nimeitoa. Mama yako ameipiga pasi huku akisema tumbo langu limeikataa, lakini nitaivaa hivyohivyo. Mimi sitamsemesha mtu. Mama yako simsemei.

Kazi nyingine tutaanza kuitafuta Jumatatu. Ijumaa wewe utabeba sanduku moja, mimi jingine, na mama yako atatangulia kutufungulia mlango. Wa mbele.

Baba yako