Vigoda Vilivyohamia kwa Limbu

Jumapili jioni, Bariadi. Upepo umeshinda ukipiga mabati, na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Nimenuna tangu jana, na sitasingizia hali ya hewa.

Nina wivu.

Neno hilo nimeliandika kwanza kwa mkono, kwenye kaunta buku langu, kisha nikalitazama. Kwa mkono lilikuwa baya: nilikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Sasa nalichapa hapa na limekaa kimya kama neno lolote. Hilo ndilo ninalolichukia kwenye mashine. Uandike "asante" au uandike "mwizi", herufi zina sura ileile.

Hoja hii nimempa Limbu mara nyingi. Limbu nilisoma naye, nikafundisha naye, na sote wawili tunaandika makala magazeti yanapotukubalia. Yeye aliachana na karatasi siku aliponunua kishikwambi. Kila anachosikia anakitia humo, na akikitaka mwaka unaofuata anaandika neno moja tu, kinatokea. Mimi nikitafuta kitu napekua rafu nzima, na mchwa walishanitangulia kwenye baadhi ya kurasa. Hata hivyo nilimwambia mbele za watu kwamba daftari linalozimika chaji ikiisha si daftari, ni tochi. Watu walicheka. Nilishinda siku ile.

Jana nimeshindwa.

Tulikuwa kijijini Nkoma. Wakulima wa pamba wanataka tamko la kusoma kwenye mkutano na wanunuzi, kabla msimu haujafunguliwa. Tangu soko liachiwe huru na kila mwenye lori aje na mizani yake, matamko ya Nkoma nimekuwa nikiandika mimi. Nasikiliza, nanukuu vidokezo, narudi nyumbani, kisha naleta kitu kinachowaka moto. Safari hii na Limbu alialikwa. Nani alimwalika, sijamuuliza mtu, maana jibu lingeniudhi.

Kwetu Usukumani ngoma mbili zikishindana hupigwa kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja. Watazamaji ndio waamuzi, na hawakai kwa adabu. Ngoma ikiwachosha wanahamia ya pili, na wewe unabaki unacheza na vumbi lako.

Mimi nilikaa upande huu, kaunta buku gotini. Limbu upande ule. Haukupita muda nikasikia vigoda vikiburutwa.

Nilijua bila kuinua macho.

Limbu alikuwa akiandika huku watu wanasema, kisha anawasomea palepale. Mayu Kabula (mayu kwetu ni mama), ambaye amelima pamba tangu mimi na Limbu tukiwa wanafunzi, akamkatiza.

"Wewe Limbu, hapo unaposema sisi tulionewa tu, umetupaka mafuta. Andika kwamba na sisi tulikuwa tunaimwagia pamba maji ili iwe nzito."

"Mayu, nikiandika hivyo watatucheka."

"Wacheke! Unafikiri hawajui? Mizani yao iliiba, na sisi tukaweka maji. Wengine humu waliweka mpaka mchanga, wanajijua."

"Usiniangalie mimi!" akasema mzee mmoja, na watu wakaangua kicheko.

"Sijakutaja. Limbu, andika: wakituwekea mizani ya haki, maji yatabaki kisimani."

Limbu akafuta, akaandika, akasoma upya. Wakapiga makofi. Makofi yangu, yale niliyozoea.

Nikasimama. Nikasema tunampa adui fimbo, kwamba tamko si kitubio, kwamba mnyonge hapaswi kujichapa kabla hajachapwa. Nilisema vizuri, kama kawaida yangu. Mayu Kabula alisubiri nimalize.

"Mwalimu, baba, ukituandikia wewe tunapigiwa makofi mno. Lakini mimi najitafuta humo sijioni. Naona hasira yako."

"Mngeniambia."

"Tungekuambia saa ngapi? Unakuja tamko limeshaisha."

Nikakaa. Limbu alikuwa ameinamia kioo chake, na heri asingeinama, maana alikuwa anaficha tabasamu.

Usiku na mchana wa leo nimekuwa nikijiambia ni ile mashine. Kwamba watu wetu wanapenda kitu kinachong'aa. Uongo. Wale watu wamewaona wanunuzi wenye magari ya kung'aa na hawakuwahi kuwapenda. Hawakukifuata kishikwambi. Walimfuata mtu aliyekubali kuambiwa "futa" mbele ya wote.

Hicho ndicho ninachomwonea Limbu wivu, na hakiuzwi dukani.

Ila sijamaliza naye. Sentensi aliyofuta jana imekwenda wapi? Haipo. Tamko likisomwa, hakuna atakayejua kwamba Mayu Kabula alilazimika kupigania ukweli wake, na kwamba rafiki yangu mjanja alitaka kwanza kuuficha. Kioo hakina kovu. Kwenye karatasi, neno lililokatwa hubaki pale chini ya mstari, na mjukuu wa Mayu anaweza kulisoma na kusema: hapa bibi alikataa.

Karatasi inaweza hilo. Mimi ndiye sijawahi kuiruhusu.

Tulipokuwa tunaagana Mayu aliniambia tamko litasomwa mara ya mwisho Alhamisi, nami niende. "Na daftari lako uje nalo," akasema. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Nitakwenda. Nitaandika kwa wino, hapohapo, na nitawasomea kabla wino haujakauka. Wakisema kata, nitakata mstari mmoja mwembamba, ili cha chini kisomeke.

Nami nitatega sikio. Kigoda kimoja tu kikiburutwa kurudi upande wangu, nitamtazama Limbu machoni, na mimi sitaficha tabasamu.