Liwa Kwenye Ndege Namba Nne

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Vellipatti, Tamil Nadu
Tarehe 26 Oktoba 2023, saa 8:50 mchana

Jina: Thangavelu Ponnuchamy
Umri: miaka 61
Kazi: fundi mkuu wa ndege, chuo cha urubani cha hapa Vellipatti
Makazi: mtaa wa Hekalu la Mariamman, nyuma ya kinu cha mpunga

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimetengeneza ndege ndogo miaka thelathini na minne, na hakuna iliyowahi kunishinda. Nasema hivyo ili afande asidhani anaandika maneno ya mzee aliyechanganyikiwa. Mnamshtaki binti Kayalvizhi kuwa alitua kwa uzembe. Si kweli, na mimi ndiye ninayejua kwa nini.

Mnamo tarehe 23 Oktoba, Jumatatu, ilikuwa Sikukuu ya Zana. Spana, jeki, matrekta, kila kitu kilioshwa, kikabarikiwa na kupumzishwa mpaka kesho yake. Saa nne asubuhi niliipamba ndege namba nne kwa mkono wangu: shada la maua puani, ndimu chini ya kila gurudumu, mistari mitatu ya liwa, ule msandali uliosagwa na kukorogwa kwa maji, kila panapostahili. Chini ya bawa la kushoto kuna kijibomba kinachopokea upepo, nacho ndicho kinachoendesha mshale wa mwendo mbele ya rubani. Huwa tunakivalisha mfuko mwekundu. Niliuvua, maana liwa haipakwi juu ya kitambaa, nikakipaka chenyewe. Nilipaka nene. Kapteni Devasahayam, mwalimu mkuu, akapita akicheka: "Mzee, hiyo ndege inaruka au inaolewa?" Nikamwambia, "Wewe rusha, Kapteni. Urembo niachie mimi."

Kesho yake, tarehe 24, ilikuwa siku ambayo sisi huanza elimu mpya. Ndiyo maana Kapteni alimpangia Kayalvizhi, mwanafunzi wa miaka ishirini, aruke peke yake kwa mara ya kwanza. Saa 12:20 asubuhi niliikagua ndege. Nilitoa shada na ndimu, nikafuta vioo. Kijibomba nilikitupia jicho tu. Nikasaini daftari kuwa ndege ni salama.

Saa 1:15 aliruka, tena vizuri. Akauzunguka uwanja kama alivyofundishwa. Saa 1:22 alianza kushuka, nikaona mambo yameharibika: pua iko chini, mwendo mkali. Kapteni akapiga kelele kwenye redio, "Punguza! We binti, punguza!" Akajibiwa, "Kapteni, mwendo unaisha, mshale unaanguka!" Ndege ikagusa lami, ikadunda, ikagusa tena. Mara ya tatu gurudumu la mbele likakatika, ikasota kwa pua mpaka kwenye majani.

Nilikimbia. Sikujua kama miguu hii bado inaweza kukimbia hivyo. Alitoka mwenyewe, damu kidogo mdomoni, akaniambia, "Babu, nimekuvunjia ndege yako." Kapteni alifika akihema. "Umekuja kama unafukuzwa na nyuki! Mshale gani? Umeshikwa na woga, basi!"

Saa tatu, nikiwa peke yangu, niliinama chini ya bawa na pini mkononi. Ndani ya kijibomba nilikuta kipande cha liwa kavu, kama punje ya dengu, kilichobanduka mdomoni mwake na kusukumwa ndani na upepo ndege ikiwa tayari angani. Tundu la nyuma la kutolea maji nalo lilikuwa limezibwa kabisa. Kijibomba kikiziba hivyo angani, ndege ikishuka mshale unashuka nao, hata kama ndege inakimbia vipi. Rubani anaona mwendo unakwisha, anasukuma pua chini ili asianguke. Ndivyo wanavyofundishwa, na ndivyo alivyofanya.

Afande, nilikisafisha kikang'aa. Mchana Kapteni alipoupima mshale, ulikuwa mzima, naye akawaandikia ninyi barua ya mashtaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimemshikia tochi. Kipande cha liwa kilikuwa mfukoni mwangu. Naona haya kuliko ninavyoweza kusema.

Jana saa kumi jioni Kayalvizhi alikuja karakana kuchukua mkoba wake. Akaniuliza, "Babu, au niliuota tu ule mshale?" Nikamwambia, "Kanywe maji, mwanangu." Jibu gani hilo, jamani! Binti ameanza kutoyaamini macho yake, na macho yake yaliona sawasawa. Nikajiambia, Thangavelu, imetosha.

Hakuota. Hakuogopa. Kile kipande cha liwa nimekuleteeni, kimo ndani ya karatasi hii. Saini ya daftari ni yangu, na liwa ni yangu.

Sina zaidi. Nimesomewa yote, ni maneno yangu, na ninatia saini bila kushurutishwa.

(Saini) P. Thangavelu

MAONI YA AFISA
Nilimwonya shahidi kuwa maelezo haya yanaweza kumfikisha yeye mahakamani. Akasema, "Andika na hilo." Alinikabidhi kipande kilichotajwa, pamoja na leseni yake ya ufundi, ambayo sikumwomba. Mwanafunzi Kayalvizhi, aliyekuwa kituoni tangu asubuhi kwa mahojiano, alielezwa haya saa 10:05 jioni na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Aliomba kwanza kumwona shahidi. Shahidi alisema hana uso wa kumtazama. Binti aliingia hivyo hivyo, nami nikatoka nikawafungia mlango.

(Saini) Mkaguzi Msaidizi S. Poongodi