Filta Nyeusi Mpakani

Jumatano, Busia

Mbona sikubonyeza tu, nikamaliza?

Nekesa, mke wangu, amerudi kwao upande wa Kenya leo, na safari hii harudi tena. Tulipofika mpakani akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Wandera, hapa umewapiga picha watu wote, isipokuwa mimi. Basi nipige nikivuka."

Jua lilikuwa kali. Nikafunga ile filta nyeusi mbele ya lenzi, ile inayopunguza mwanga hadi kamera inaweza kukaa wazi dakika nzima bila picha kuungua. Tabia yake naijua. Anayetembea anafutika kabisa. Aliyesimama anabaki.

Nilijua. Lakini nilisema moyoni, Nekesa hawezi kuvuka bila kusimama aniangalie.

Nimeifungua picha sasa. Malori ya kwenye foleni yametoka vizuri. Mama wa ndizi naye yumo, amesinzia na beseni lake. Katikati barabara iko tupu, kama imefagiliwa.

Ujumbe wake umeingia sasa hivi: "Nimefika salama. Picha ilitoka?"

Nitamtumia nini mimi? Barabara?