Kiangazi cha Matobolwa

Jumapili, 1 Septemba 1996

Joto. Hata mbuzi wa jirani kalala kwenye kivuli cha choo chetu. Kanisani padre alifupisha mahubiri – Mungu ambariki.

Mchana mambo yakaharibika. Josephina kaja kutoka Kabungu, anakofanya kazi zahanati, na kaja na maneno. Kuna kijana. Anaitwa Masele, bwana mifugo. Wazazi wake wanataka kuja kuposa.

Wazazi gani? Masunga na Kabula, wale Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe wao. Nikaweka chini kichwa cha samaki nilichokuwa nanyonya, mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Mtoto wangu wa pekee! Mtoto niliyemkuza kwa migebuka wa Ikola, kwa mawese, kwa ugali wa muhogo – akatafune viazi vikavu mpaka azeeke? Nikasema hapana. Nikarudia kwa sauti ya mahakamani.

Josephina hakubishana. Alitoa mfuko wa kitambaa, akauweka mezani. Zawadi kutoka kwa mama yake Masele. Matobolwa! Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwakatwa, vikaanikwa juani. Nikasema wampe mbuzi wa jirani ale. Mke wangu Emerensiana akaufungia mfuko kabatini bila kunitazama.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeonja kimoja. Karani wa mahakama hawezi kukataa kitu asichokijua. Kigumu kama soli. Nikataka kutema. Halafu kikaanza kulainika – utamu ukaja taratibu, kama asali ya porini, na kwa nyuma kaharufu ka jua.

Nikaonja cha pili. Kuthibitisha tu.

Alhamisi, 5 Septemba

Kuthibitisha kunaendelea.

Jumamosi, 7 Septemba

Emerensiana kauliza mbona mfuko umepungua. Nikasema panya. Akasema panya wa wapi, tangu tuhamie Kawajense hatujaona panya? Nikasema kiangazi hiki kikali, wanakimbia porini. Akasema, "Mh." Hiyo "mh" yake naijua. Siipendi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimerudi mchana, nyumba tupu. Nikafungua kabati, nikaingiza mkono – paa! Mtego! Mwanamke kaazima mtego wa panya, kautega nyuma ya mfuko! Nimepiga kelele mbuzi kaamka. Kidole cha kati kimevimba kama ndizi mzuzu. Naandika kwa shida.

Emerensiana karudi kutoka sokoni, kanitazama, kautazama mtego.

"Panya kapatikana?"

"Nilikuwa naangalia kama mtego unafanya kazi."

"Unafanya?"

"Unafanya."

Jumatano, 11 Septemba

Ofisini nimesema nilibanwa na mlango. Hakimu kanipa pole.

Jioni Josephina kapita kunifunga bandeji. Hakucheka, ila midomo ilikuwa inatetemeka. Kasema mama yake Masele anaulizia kama mbuzi aliipenda zawadi. Nikasema mbuzi hana la kusema. Akaondoka, akaacha mfuko mwingine mezani. Wazi kabisa.

Hauna mtego. Nimekagua kwa fimbo.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekubali waje, tarehe 29. Kusikiliza si kukubali! Na chakula nimepanga mimi: samaki mtupu. Migebuka wakubwa, na miiba yao yote. Wafugaji nawajua, mwiba wa samaki unawatisha kuliko chui. Wakishindwa kula, nitasema kwa upole: mnaona ndugu zangu, mtoto wetu kwenu atakonda, na nyie kwetu mtakonda. Kesi imekwisha.

Emerensiana kasema ni mpango wa mtoto wa chekechea. Hajui sheria huyu.

Nimemtumia salamu mdogo wangu Sospeter, mvuvi kule Ikola, kwa dereva wa lori: alete migebuka.

Jumanne, 24 Septemba

Majibu ya Sospeter: mwezi unakua, ziwa linang'aa kama mchana, samaki hawazifuati tena taa za karabai. Ataleta atakachopata.

Sina raha. Joto hili linanimaliza. Hamu ya kula imekata – labda imebaki ile ya kutafuna tu.

Jumamosi, 28 Septemba

Lori limefika! Sospeter kashuka mwekundu kwa vumbi, kapu mkononi. Migebuka si wengi, lakini wanene, wamekaushwa kwa moshi vizuri. Kasema, "Kaka, hawa nimewabembeleza." Emerensiana kaanza kazi: kitunguu, nyanya, mawese. Harufu imeenea mtaa mzima. Jirani kaja kuazima kiberiti. Kaja tena kukirudisha. Kaja tena kuuliza kama alikirudisha.

Jumapili, 29 Septemba

Naandika chumbani. Wageni wako sebuleni. Nimesema nakuja kuchukua miwani. Miwani ninayo usoni.

Walifika mapema. Masunga mrefu, kavaa koti zito kwenye joto hili, fimbo kaiegesha mlangoni. Kabula mfupi, mchangamfu, kapu kichwani. Masele nyuma yao, shati limemkaba shingo, jasho linamtiririka. Nilianza kumwonea huruma, nikajizuia.

Chakula kikaletwa. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nisubiri. Masunga akamtazama mgebuka. Kisha akamshika kichwa, akakinyonya mpaka jicho! Kumbe kabla ya ng'ombe, kabla hata ya kuoa, alikuwa mvuvi huko Ziwa Victoria. Akaniambia huyu wenu ni mtamu, ila hamfikii sato wa kwetu. Sospeter akakasirika kidogo. Nusu ya mpango wangu ikafa hapo hapo.

Lakini Kabula alikwama. Hajawahi kula samaki maisha yake yote. Alikuwa anachovya tonge kwenye mchuzi, anasifia, "Mboga nzuri, mama," na macho hayatoki kwenye miiba. Nikamwona! Nikakohoa, nianze yale maneno yangu ya upole.

Josephina akatoka jikoni. Akapiga goti kando ya Kabula, kashanawa mikono. "Mama, subiri." Akampasua mgebuka mgongoni kwa kidole gumba, akautoa uti mzima mzima. Kisha ile miiba midogo, mmoja mmoja, akaipanga ukingoni mwa sahani. Halafu akaipapasa nyama tena kwa ncha ya kidole, kabla ya kumsogezea.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa namtolea yeye. Kule Ikola, meno ya utoto yakiwa yanamng'oka, kakaa kwenye mkeka kajibana miguuni kwangu. Kutoa uti hufanya kila mtu. Lakini kule kupapasa mara ya mwisho ni kwangu mimi. Sikumfundisha. Nilidhani anasubiri kula tu – kumbe alikuwa ananiangalia mikono.

Kabula akaonja. Akafumba macho. Akasema, "Yaani nyie mnakula hivi kila siku, halafu bado huyu mtoto anataka kuja kwetu? Basi Masele ana dawa!" Nyumba nzima ikacheka. Hata Sospeter. Mimi samaki nilikuwa sijamgusa.

Masunga akanawa, akanigeukia. Hakuwa na haraka. "Mzee mwenzangu, tumekula, tumeshiba. Tumekuja kuomba. Sasa tumebaki na neno lako."

Masele anatazama viatu vyake. Josephina bado yuko chini, mikono ina mawese mpaka vifundoni, ananitazama mimi. Hanisihi. Ananitazama tu.

Nikasema miwani. Nikainuka. Kapu la Kabula lilikuwa wazi pale njiani, limejaa matobolwa ya kiangazi hiki, na mkono wangu ukachota kama umetumwa.

Sasa niko huku, nimekaa kitandani. Sebuleni Kabula anaomba mgebuka mwingine. Anasema safari hii atatoa miiba mwenyewe. Josephina anamwambia polepole, mama, anzia mgongoni. Sauti ni yake, maneno ni yangu.

Emerensiana anagonga mlango. "Baba Josephina! Miwani haijaonekana? Watu wanasubiri neno."

Neno lipo. Ila mdomo umejaa, na matobolwa hayamezwi kwa haraka.