Meno Yangu Yaliyochemshwa

Nimo, msomee mama yako ujumbe huu polepole, usiruke neno.

Nimekwenda barazani kwa Bwana DC. Mbuzi wa maziwa afungwe ndani mapema. Kafyu ikianza mtu asitoke.

Meno yangu ya bandia yamo kikombeni. ~~Yasafishe~~ Usiyaguse, nitayasafisha mwenyewe.

Nilikufundisha: mswaki laini, sabuni, maji ya uvuguvugu, kisha yalale katika maji yenye siki kidogo. Maji ya moto huyapinda. Hukuwahi kukosea. Leo asubuhi nimeyakuta ndani ya birika linalotokota, na sasa hayaingii mdomoni. Ukasema, "Aabo, nilisahau." Nikakuamini, mpaka nilipomsikia mama yako jikoni: "Bila meno hatasimama mbele ya watu. Ataona haya."

Ananijua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Najua mnaogopa. Anayesema na serikali mchana, watu wa msituni humjia usiku. Lakini Kerrow ni mtoto wa dada yangu, yuko kizuizini, na leo wanauliza nani atamdhamini. Nisiposimama mimi, atasimama nani? Mngeniambia mnaogopa, ningewasikiliza. Nyinyi mkanichemshia meno.

Basi nimekwenda na ufizi wangu. Watacheka. Wakimaliza kucheka, nitasema.

~~Msiniwekee chakula.~~ Niwekeeni uji, maana nyama mmeninyima. Pikeni wa kutosha watu wawili. Kerrow atakuja na njaa.

Aabo, baba yako