Muulize Ni Dawa Gani

Mdogo wangu kipenzi,

Nguo za mtoto nimeshazifua, na kofia nimeifuma. Ni kubwa kidogo, maana navijua vichwa vya ukoo wetu.

Sasa nisikilize. Siku ya kujifungua, muuguzi akija na sindano, muulize ni dawa gani. Akinuna, muulize tena. Juzi mjamzito mmoja wodini kwangu aliniuliza hivyo, nikamfokea: "Kwani muuguzi hapa nani, mimi au wewe?" Kisha nikasoma kichupa ili nimkomoe. Haikuwa dawa yake. Nilirudi kabatini kuchukua yake. Naye, masikini, akaniomba radhi kwa kunisumbua.

Wasumbue, mdogo wangu. Wasumbue hata wakikuita mjuaji.

Dada yako,
yule aliyenuna